Mwanafunzi Pekee wa Mwalimu Sabiti ni Mkewe

Saa moja asubuhi wachukuzi wa ngozi wanapita nyuma ya soko la Shinyanga kuelekea stesheni, na ndani ya chumba cha udongo kilicho kando ya njia, Mwalimu Sabiti Akida anaandika ubaoni kwa chaki. Anamaliza, anajifuta vumbi kwenye kanzu, kisha anagonga ubao kwa fimbo.

"A cow," anasema, kwa sauti ya kufika barabarani.

"A cow," inaitikia sauti moja kutoka benchi la nyuma.

Anayeitikia ni Mwanne, mke wake. Mapajani ana ungo wa choroko anazochambua, na macho yake hayatoki kwenye ungo. Kiingereza hakijui wala hana haja nacho. Anaitikia ili wapita njia wasikie kwamba humu ndani bado kuna darasa.

"Nilimwambia, Baba Hatibu, watu watatucheka," anasema Mwanne, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Akaniambia wakicheka ndiyo wamesikia. Basi naitikia. Choroko zinachambuka na Kiingereza kinasomwa."

Mabenchi mengine yote ni matupu. Mwenye chumba, mfanyabiashara wa pamba, amemwambia mwalimu waziwazi: mavuno ya mwaka huu wa 1938 yakianza na darasa halijajaa, chumba kinageuzwa ghala. Mavuno hayako mbali. Mashambani pamba imeanza kupasuka.

Haikuwa hivi. Mwaka juzi mtu aliyechelewa alisoma akiwa amesimama mlangoni. Karibu vijana thelathini, wengi wao watoto wa wafugaji wa Kisukuma, walikuwa wakilipa shilingi moja kwa mwezi ili wafundishwe Kiingereza cha kuwapatia ukarani: reli, maduka makubwa, na zaidi ya yote migodi ya dhahabu iliyofunguliwa upande wa Geita.

Sabiti ni mtu wa mjini. Babu yake alitoka pwani na misafara akaoa Tabora, naye Sabiti akasoma hukohuko Tabora na kufanya ukarani miaka kadhaa kabla ya kuja Shinyanga na reli. Ana maneno mengi na anapenda kusikilizwa. Hata leo, akiwa na mwanafunzi mmoja mwenye ungo, anafundisha kama anahutubia baraza.

Kilichompa jina ni vile vineno viwili vidogo vya Kiingereza, "a" na "the", vinavyowatoa jasho hata makarani wazoefu. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe tu. Mwingereza yeye hakubali kumtaja ng'ombe hivihivi bila kwanza kuamua kama msikilizaji anamfahamu au hamfahamu.

"Wengine wanafundisha kwa kukariri, na mtoto anakariri mpaka anasahau kula," anasema Sabiti. "Mimi nikawaambia vijana: ng'ombe ambaye mtu unayezungumza naye hajamjua, huyo ni 'a cow'. Ukishamtaja, kamjua, sasa ni 'the cow'. Tena mtaje ng'ombe wa kweli, wa kwenu, si wa kubuni. Ukimjua ng'ombe mwenyewe hukosei."

Ilikuwa njia nzuri. Mtoto wa mfugaji hasahau ng'ombe wa kwao, na vijana waliokuwa wakigugumiza wakaanza kuzungumza. Kati yao hakuna aliyemfikia Makoye, mtoto wa Jilala, kijana wa miaka kumi na tisa aliyetembea kila siku kutoka kijijini kwao hadi mjini na kurudi.

Mwalimu anakiri kwamba kitu kimoja hakukijua, na hakuna aliyemwambia. Mfugaji wa Kisukuma halazi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Baadhi huwapeleka kwa rafiki au jamaa wa mbali, wakae huko, wakamuliwe huko, wazaliane huko. Ugonjwa ukiingia zizini kwake hawafi wote. Tena anayekuja kuomba haoni mali yote. Aliyewapokea hunyamaza na mwenyewe hunyamaza, na watoto wa nyumba hukua wakijua kwamba hao hawatajwi.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja mzungu kutoka mgodi mmoja wa Geita kutafuta makarani. Sabiti akaitisha mkutano wa wazi sokoni. Wazazi wakaja na jamaa zao, wakakaa chini, wengine na fimbo zao za kuchungia. Jilala alikuwa mbele kabisa.

Makoye akasimama. Mzungu akamwambia aeleze habari za nyumbani kwao. Kijana akaanza, na hakukosea hata mahali pamoja. Baba yangu ana ng'ombe mwekundu. Ng'ombe huyo ana pembe moja iliyovunjika. Mzungu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamuuliza yuko wapi ng'ombe huyo. Makoye akajibu kwa Kiingereza kilekile safi kwamba yuko kwa Mageni, rafiki wa baba yake, pamoja na wengine sita, tangu kabla ya ule ugonjwa uliopita kijijini kwao ukaua ng'ombe.

"Alisema kwa sababu pale hapakuwa na mtu wa kwao anayejua Kiingereza," anasema Sabiti, na hapa sauti ya barazani inampotea. "Kwake ilikuwa kama kuzungumzia ndani ya chumba kilichofungwa. Mlango niliufungua mimi."

Jilala, asiyejua neno hata moja, alikuwa akitabasamu kwa jinsi mwanawe alivyokuwa akitazamwa. Akamgeukia mwalimu akauliza, "Mwalimu, ng'wana wane anasema nini?" Yaani, mwanangu anasema nini.

Na mwalimu, kichwa kimemjaa sifa, akasimama juu ya benchi akatafsiri yote kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, ili soko zima lijue shilingi za wazazi hazikupotea. Ng'ombe mwekundu, pembe, Mageni, wengine sita.

Nyuma ya Jilala alikuwa amekaa mdogo wake. Mwaka uliotangulia huyo mdogo alikwenda kumwomba kaka yake ng'ombe wa kumwozea mwanawe, akaambiwa ugonjwa haukubakiza kitu, zizi lile pale tazama mwenyewe. Akarudi mikono mitupu, na mchumba wa kijana akaolewa kwingine. Sasa mdogo mtu akainuka, akakung'uta vumbi, akaondoka.

"Hapo ndipo nilipomtazama Makoye," anasema Sabiti. "Alikuwa amefumba macho."

Mzungu hakuelewa kilichotokea. Alimpa Makoye mkono na kumwambia aje Geita, kazi ya ukarani ni yake.

Wiki ile wazee wa ukoo walikaa. Ng'ombe wakatolewa kwa Mageni mchana, watu wakitazama, wakagawanywa. Ndugu wawili hawasalimiani mpaka leo. Mageni naye ameonekana mtu asiyeweza kutunza cha mwenzake, na waliokuwa wamelaza mifugo kwake wamekuja kuichukua. Jilala alimwambia mwanawe atoke asirudi. Hakumpiga, wala hakupandisha sauti.

Darasa likaanza kuvuja. Mzazi mmoja alimtoa mwanawe kwa kisingizio cha kuchunga, mwingine kwa mguu unaouma. Wa tatu alisema ukweli: "Mwalimu, kwako watoto wanafundishwa kusema ya ndani. Sisi tuna mali." Kabla ya mvua za kwanza mabenchi yalikuwa matupu.

Siku hizi mchana Sabiti anashona magunia kwenye bohari. Akipata siku zote za mwezi ni shilingi nane, na siku zote hazipatikani. Vidole vyake vina matundu ya sindano, na chaki ikiingia humo anakunja uso.

Alikwenda Geita kumtafuta Makoye. Alimuulizia kwa makarani wa mgodi, hawakumjua. Alimkuta kwenye vigari vya mawe, anasukuma pamoja na wengine, matope mpaka magotini. Ukarani hakwenda kuuchukua kabisa.

"Nilimsemesha kwa Kiingereza, nikidhani nitamfurahisha," anasema. "Akanijibu kwa Kiswahili, tena kwa adabu. 'Shikamoo, mwalimu. Nikisema lugha ile namwona baba amekaa pale chini anatabasamu.' Akaendelea kusukuma."

Kwa Jilala pia alikwenda, kwa miguu. Jilala alimpa kigoda na maji kama mgeni yeyote, akamuuliza habari za mjini, za mvua, za bei ya pamba. Sabiti alipolitaja jina la Makoye, mzee akamjibu taratibu, "Huyo simjui. Kunywa maji, mwalimu, jua kali." Mama yake Makoye alikuwa mlangoni. Aliposikia jina aliingia ndani, na mgeni akamsikia akilia kwa kujizuia.

Mwanne anasema tangu siku ile mumewe halali vizuri wala hali akashiba. "Watu wanadhani kinachomuumiza ni darasa," anasema. "Mimi ndiye ninayelala naye. Anaota yule mtoto."

Tulipomuuliza Sabiti atafanya nini mavuno yakianza, hakukilalamikia chumba. Anasema mwenye chumba akichukue, hata kesho. Tulimuuliza basi kwa nini kila asubuhi anafundisha benchi tupu.

"Mikono imezoea," akasema. "Na nikikaa bure nawaza."

Mpango wake ni kurudi kwa Jilala wiki ijayo. Safari hii hataki kigoda wala maji. Atakaa nje ya boma mpaka asikilizwe, na kama ni siku ya pili, basi ya pili. Mwanne hadhani kwamba mzee atalegea. Jirani mmoja amemshauri mwalimu asiende kabisa, maana huko jina lake ni baya, na kuna vijana wa ukoo walioapa kumfukuza kwa fimbo.

"Wanifukuze," anasema Sabiti. "Sijiombei msamaha, mimi sistahili. Wala sitaki wanafunzi tena. Namtaka Jilala aseme 'mwanangu' mbele ya watu, kama alivyosema siku ile sokoni. Mara moja tu, hata kwa hasira, ili nimpelekee Makoye kule Geita nimwambie nimesikia kwa masikio yangu."