Motere Moja, Mikanda Miwili

Vita ilipofika uwanda wa Ruzizi, shule kubwa ilifungwa na mujukuu wangu wa kike akarudi kwangu Nyamianda na ordinateri yake, ile kompyuta ya kukunja. Anaandika pilote. Si pilote wa ndege: ni maandishi yanayokaa ndani kabisa, mu kiini cha ordinateri, yanaongoza kila kipande kifanye kazi yake. Minye niliishia darasa la tatu, lakini neno hilo nalisema mbele ya watu wote.

Redio ya kartie, ya mutaa wetu, ilikuwa na kisanduku cha kutoa sauti za watu waliopotezana mu kukimbia. Jirani yangu aliweka yake, akimwita binti yake waliyeachana naye kwenye barabara ya kutoka Mutarule. Sauti ikatoka mbio, nyembamba kama ya kifaranga. Mama yule akalia: "Mutoto atajua namna gani kama ni minye?" Wangeirudia Jumamosi, saa kumi.

Jumamosi hiyo asubuhi, fundi wa redio akaleta kisanduku kwangu. Mujukuu akanieleza kwamba ndani iko kitu kinachopigapiga kama moyo, wanakiita saa, na sauti inafuata mapigo yake. Akayarudisha kwenye mwendo wake. Sauti ikatoka vizuri, tukapiga makofi. Dakika haikuisha, kifaranga kikarudi.

Akarekebisha tena. Na tena. Fundi alikuwa amekalia kiti changu, anakunywa chai yangu.

"Mama, nilisema tutafute mwanaume."

"Weye si mwanaume? Na kisanduku umekaa nacho juma zima. Sukari ukiimaliza, usiniombe ingine."

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, lakini jicho liko pale. Kila sauti ilipoharibika, ekra ndogo ya kisanduku, kioo chake cha maandishi, ilikuwa imetoka tu kuwaka.

"Na ekra inafuata saa hiyo hiyo?" nikauliza.

Mujukuu akageukia ekra. "Ndiyo, koko. Saa ni moja. Ekra ikitaka mbio, inaivuta saa, na sauti inavutwa nayo."

"Basi ni mashini yangu ya unga hiyo!"

Mu vita ya kwanza nilikuwa na motere moja, mikanda miwili: mmoja unasaga muhogo, mwingine unakoboa mupunga. Wenye muhogo walikuwa wanataka mbio, wanaongeza mazutu, mafuta ya motere, bila kusema, na mupunga wa wenzao unatoka vipande vipande. Wanawake walipigana kwa vitunga. Nikaweka sheria: mupunga ukiwa ndani, hakuna wa kugusa mwendo. Mwenye muhogo ataomba, na atajibiwa hapana.

Mujukuu akacheka, akaandika sheria yangu ndani ya pilote. Sauti ikiwa inatoka, inaushika mwendo wa saa. Ekra ikiomba mwingine, inakataliwa, inafanya kazi na ule uliopo. Ekra ikawa inawaka kwa uvivu. Nani anajali ekra? Fundi akabeba kisanduku chake bila kuaga.

Saa kumi tulikuwa kwa jirani. Sauti ikatoka nzito, pole pole, na kikohozi mwishoni. Mama akashika kifua. "Ni minye ule! Mbona hawakuondoa kikohozi?"

Binti alikuwa Kamanyola, kwa watu waliomupokea, na huko akaisikia redio. Alifika siku ya tatu, miguu imevimba. Nikamuuliza alijuaje kama ni mama yake kweli, maana siku hizo watu waliogopa kila kitu.

"Kikohozi," akasema.