Sumaku ya Desanka na fenda ya kushoto

Saa tatu asubuhi, mjini Kragujevac, Serbia. Desanka Grujović amelala chali chini ya Fića, kigari kidogo cha Kiserbia, nyeupe ya mwaka 1974, tochi mdomoni, akihesabu alama za kulehemu. Anahesabu tena. Kisha anajivuta nje, anaketi kwenye saruji ya gereji na kusema, "Haiwezekani."

Desanka, 52, ni mkaguzi wa chama cha wapenzi wa magari ya zamani. Kwa miaka kumi na tisa amekagua magari zaidi ya mia nne, na wenye magari wanamwogopa kuliko trafiki. Taa za kuigiza, bolti zisizo na alama ya kiwanda, kioo kilichong'olewa kwenye gari jingine, vyote huvinasa. Silaha yake kubwa ni sumaku ya spika kuukuu, aliyoivisha kipande cha soksi isikwaruze rangi.

"Penye bati inanata, penye pati ya kuzibia mabonde inaanguka," anasema. "Ikianguka tu, mtu anaanza kunipigia hadithi."

Leo gari ni la marehemu baba yake, Miloje, aliyejisifu miaka yote kwamba halijawahi kuonja nyundo. Jumamosi ijayo anatimiza mwaka tangu afariki, na Desanka alitaka cheti cha uhalisi kiwekwe kwenye meza ya kumbukumbu kando ya picha yake, majirani wakione.

Mama yake, Stojanka, 78, amekuwa akimpiga chenga tangu mwanzo wa mwaka. Mara funguo zimepotea, mara gereji imejaa kuni.

Sumaku imenata milangoni, imenata kwenye paa na kwenye fenda ya kulia, lile bati la juu ya gurudumu. Kwenye fenda ya kushoto imeteleza na kuanguka. Kwa chini, vidoti vidogo vya kulehemu vya kiwandani havipo. Kuna mshono mnene wa fundi wa mtaani.

"Baba kanidanganya mimi!" anasema. "Mimi ninayewaumbua watu kwa kazi!"

Mlangoni, mama yake anatua sinia ya kahawa.

"Muache baba yako. Fenda niliiponda mimi."

"Mama, wewe si hujui kuendesha!"

"Nilijua. Niligonga nguzo ya daraja. Ulikuwa na miezi saba, umelala kiti cha nyuma."

Kidole cha Desanka kinakwenda chenyewe kwenye kovu linalokata nyusi yake. Maisha yake yote ameambiwa alianguka kitandani. Mwandishi wa habari hizi, aliyekuja kuuliza habari za bolti, hakujua pa kutazama.

"Damu ilikuwa nyingi, nikajua nimekuua," anasema Stojanka. "Baba yako akaleta fundi rafiki yake. Mimi usukani sikuugusa tena. Naye akaanza kulisifia gari lake kila mahali, asitokee wa kuuliza."

Desanka analia bila kujificha. Kisha anavuta fomu na kuandika: fenda ya kushoto, si ya asili.

"Si ungeacha tu?" mama anauliza.

"Nimewanyima wengine cheti kwa taa tu, mama."

Cheti hakitakuwepo mezani, na fenda haitabadilishwa. Jumamosi, anasema, wataenda na gari makaburini hivyo hivyo.

Stojanka analizunguka gari, anafungua mlango wa dereva na kusimama akiutazama usukani.

"Klachi yake bado ngumu?"

"Kidogo."

"Basi niwashie. Mpaka getini tu."

Desanka anawasha na kumpisha mama yake kwenye usukani. Halafu anazunguka upande wa pili, anakunja kiti cha mbele na kuingia kukaa nyuma.