Plaizi ya Alton Prouty

Wendell Prouty alikuwa mtoto wa miaka minane mto Winooski ulipofurika, mwaka 1927, ukamchukua baba yake, Alton. Ndivyo walivyoambiwa. Alton alitoka kwenda kuwafungulia jirani ng'ombe, asirudi. Kofia yake ilikutwa imenasa kwenye matawi. Mwili haukuonekana.

Wendell alizeekea hapohapo jimboni Vermont, fundi mashine mstaafu, aliyefiwa na mke, asiye na starehe ila kuzunguka minadani akitafuta vifaa vya zamani. Huko ndiko alikookota plaizi iliyomshtua. Taya moja ilipinda kama mdomo wa kasuku, na mgongoni ilikuwa na kinyundo. Kwenye mpini wa plaizi palikuwa na chale tatu za tupa, ya mwisho imelala upande. Alama ya baba. Vifaa vyote alivyoviacha ghalani vilikuwa nayo.

"Hii umeitoa wapi?" akamuuliza muuzaji.

"Ng'ambo ya ziwa, jimbo la jirani, mzee. Kuna mkulima alifariki, binti zake wakauza kila kitu."

Wendell akajiambia maji yaliibeba, mtu akaiokota. Akaipeleka kwa rafiki yake Lloyd Gage, mkusanyaji mwenzake, akiwa na furaha ya kitoto.

"Ya kung'olea misumari ya ua," Lloyd akasema. "Ila taya kama hii, aisee, sijawahi kuiona."

Akaipaka mafuta, akaisugua kutu kwa brashi. Ikajitokeza namba, ile ambayo serikali humpa mvumbuzi. Namba hizo hupanda mwaka hadi mwaka, na Lloyd alizijua. Akaisoma, kisha akaisoma tena.

"Sema basi, umemeza ulimi?"

"Wendell, mzee wako alifariki lini vile?"

"Kwenye mafuriko. Si unajua?"

"Plaizi hii haikuwepo wakati ule. Namba ni ya mwaka thelathini na nane."

"Soma tena."

"Nimesoma, ndugu yangu. Nimerudia."

Wendell akapitisha kidole gumba juu ya ile chale iliyolala. Hakuna mwingine aliyechonga alama hiyo. Binti zake, muuzaji alisema kuhusu yule mkulima. Binti zake.

Jumapili akaenda kwa dada yake Verna, akamweleza yote. Verna aliishika plaizi kwa ncha za vidole, kama kitu kichafu.

"Kwa hiyo hakufa."

"Hakufa wakati ule."

"Afadhali angekufa," Verna akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mama alijua?"

"Sijui, Verna."

Mama yao alishona glavu kiwandani mpaka macho yakamwisha, na wachumba wawili aliwakataa kwa sababu mume wake hakuwa amezikwa. Verna alilisema hilo huku akitazama dirishani.

Wendell hakuvuka ziwa. Lloyd alijitolea kumpeleka akawaone hao dada zake wengine, yeye akajibu atafikiria. Minadani hakuonekana tena. Majira ya baridi yalipoingia alianza kuchelewa kuamka, na alipoulizwa anaumwa nini, alisema haumwi popote.