Nisubiri kwa Twiga

Juzi niliingia kwenye kibanda cha ofisi katika eneo la ujenzi, zile nyumba zinazoletwa vipande vipande na kufungwa kwa bolti, harufu ikanikamata nikasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Ni harufu ya sponji iliyopashwa jua katikati ya mabati mawili membamba, imechanganyika na rangi kuukuu na vumbi. Msimamizi akanikaribisha kiti. Sikukaa. Nililala ndani ya harufu ile utotoni, na mpaka leo sipendi kuipa mgongo.

Mwaka 2013 mama yangu, muuguzi, alihamishwa kutoka Korogwe kwenda zahanati moja ya kata ya Kitanga, huko Kasulu. Baba alibaki kazini kwake, tukaenda mama na mimi, nikiwa na miaka minane. Nyumba ya mtumishi ilikuwa haijajengwa. Tulipewa badala yake nyumba iliyoshushwa kwenye lori: kuta, dari na madirisha, vyote vipande vyenye namba, vilivyotoka Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Ilikuwa ya bei rahisi na haikuchelewesha mtu. Mafundi walimwaga sakafu ya saruji, wakaifunga juu yake. Vyumba viwili tu, na ukijinyoosha kitandani miguu inakaribia jikoni.

Kuishi mle kulikuwa na adabu yake. Msumari haugongwi ukutani, kwa hiyo mama alifunga kamba za chandarua kwenye vichwa vya bolti. Mchana ni tanuri, alfajiri ya mwezi wa sita unaamka pua imekufa ganzi, na mvua ikinyesha mnazungumza kwa ishara. Majirani wenye nyumba zao za tofali za kuchoma walituonea huruma waziwazi. "Nesi, siku ukigombana na mwenyekiti wataikunja hiyo wakaondoka nayo," mmoja alimtania mama. Mama akamjibu kwamba yake angalau hailiwi na mchwa.

Sasa niwaambie habari ya twiga. Kule kambini vipande vile vilikuwa wodi ya watoto, na mtu mmoja mwenye roho nzuri alichora twiga wa njano ukuta mzima wa nje, ili wagonjwa wadogo wasiogope kuingia. Mafundi wetu hawakuzifuata namba. Miguu ya twiga ikaja kusimama kando ya mlango wa mbele, shingo na kichwa vikaenda nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa chumba changu. Watoto wa kijiji walikuja kumtazama mnyama aliyekatwa, na mimi niliringa mno, nikawa nawazungusha kama mwenye mbuga.

Mama Deo alikuja jioni moja tukiwa bado hatujamaliza kufungua mizigo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, jembe begani, ametoka kulima kibarua cha maharage. Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akalaza jembe chini, akaanza kuusalimia ukuta. Jamani, huko Buha, kwa Waha, salamu si jambo la kupita nalo njiani. Watu husimama, huinama kidogo, hupiga makofi ya taratibu wakiulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na kila swali hungoja jibu lake. Yeye alipiga makofi, akauliza, akanyamaza. Na jioni ndipo bati hupoa. Ukuta ukajibu: ta. Ta-ta.

Niliyasikia yote nikiwa kitandani upande wa ndani. Kati ya mkono wake na mgongo wangu palikuwa na unene wa mche wa sabuni.

"Ni bati linapoa," mama alisema. Hakuwa mtu wa mizimu. "Na yule mama ana mawazo. Lala."

Ni rahisi kusema lala wakati kitanda chako kiko chumba kingine. Yule mwanamke alirudi karibu kila jioni, na nilipojua kijiji kinamwita Mama Deo, nikaamua mwenyewe kwamba Deo ni mtoto aliyefia wodini na kwamba anaishi ndani ya sponji ya ukuta. Nililala nikiutazama ukuta. Nilimwekea vipande vya muhogo chini ya kitanda. Panya wakavila, mimi nikaamini amekula. Niliogopa, msinicheke, nikakonda mpaka mama akanipima malaria.

Malaria haikuonekana, na mama akachoka. Jioni ile alizunguka nyuma akasema kwa sauti yake ya zahanati, "Mama Deo, mwanangu halali. Unaongea na nani hapa?"

Kuta zile hazikujua kutunza siri, nikasikia kila neno.

"Namwachia mwana wanje, mwanangu, salamu, Nesi. Akipita azikute."

Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, akakisema polepole. Siku ya malori pale Mtabila, watu wakipakiwa kurudishwa Burundi, alimtuma mwanawe Deo kwa jirani akachukue sufuria. Akamwambia, tukipotezana, nisubiri kwa twiga. Hakuna mtoto kambini asiyemjua twiga. Kabla Deo hajarudi, mama mtu akasukumwa juu ya lori. Lilipopunguza mwendo mlimani aliruka, akarudi kwa miguu akikatiza mashamba. Kwa twiga hapakuwa na mtu. Akangoja, akijificha. Siku moja alikwenda kutafuta chakula, kurudi, watu wenye spana wamekwishamchukua hata twiga mwenyewe.

"Walimng'oa wasiache neno," alisema. "Nikauliza, nikauliza, mpaka nikamkuta hapa. Na Deo atauliza. Ni mtoto wa kuuliza."

Mama aliliokota jembe lake, akampa. Kisha akasema, "Kesho pitia mlango wa mbele, unywe uji kwanza."

Tangu hapo alikunywa uji kwetu, ndipo akaenda nyuma. Mimi sikupata nafuu. Mtoto wa kwenye sponji nilikuwa najua aliko. Huyu aliyeko popote alinitisha zaidi.

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, watu wakamiminika Kigoma, na Kibondo wakaanza kufungua kambi upya. Nyumba yetu ya tofali ilikuwa imekamilika, basi likaja lori kuchukua ile ya vipande. Mama aliwasihi mafundi waache kipande kimoja tu, chenye kichwa cha twiga, na walikuwa wameanza kukubali. Aliyekataa ni Mama Deo.

"Watu wanaingilia kule, Nesi. Kama Deo anarudi, anarudi na wale. Twiga aende."

"Na wewe ukienda unarudi kambini," mama akamwambia. "Muda wote huu umejificha. Kule wataandika jina lako, na siku wakisema malori, ni malori."

"Najua."

"Amekua yule. Hutamtambua."

"Yeye atamtambua twiga."

Mama akampa blanketi. Akapanda, akakaa juu ya zile kuta zilizolazwa, lori likaondoka naye.

Ikabaki sakafu tupu ya saruji. Asubuhi yake nilimkuta mama amepiga magoti pale na gauni lake jeupe la kazi, ana brashi na ndoo ya chokaa. Ni mama yuleyule wa bati linapoa. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: DEO, TWIGA AMEHAMIA KIBONDO. MAMA YUKO NAYE.

Nilidhani anamfariji Mama Deo, ingawa Mama Deo hakuwepo kuyaona. Ndiyo akili ya mtoto. Nilikuja kuelewa ukubwani, nikiwa na wangu anayeanza kutembea, nikichungulia dirishani nisipomsikia uani. Aliyekufa unamlilia, unamzika, watu wanakula na kurudi makwao. Aliyepotea hana matanga. Ukishalijua jina lake, nawe umeingia zamu ya kumngoja.

Mvua zilifuta, mama akaandika tena, zikafuta, akaandika. Habari za Kibondo hazikutufikia. Tulipohamishwa, siku ya makabidhiano, alimtembeza muuguzi aliyekuja kumpokea: kabati la dawa, kitanda cha kujifungulia, mizani ya watoto. Mwisho akamtoa nje, akamwonyesha sakafu, akamkabidhi ile ndoo. Yule dada akasoma, akauliza Deo ni nani.

"Hajafika bado," mama akasema.