Kobe Huyu Ameshakula

Fundi cherehani wa Bulyaga, yule aliyewahi kukataa kunipanulia kiuno cha suruali akaniambia nikapunguze tumbo kwanza, tumemzika Jumanne. Sukari ilianza na miguu, ikamaliza na mwenyewe. Msibani walimsifu kwa ukarimu, na nina hakika angecheka, maana mtaani alijulikana kwa uchoyo mmoja: alifuga kobe na hakuruhusu mtu amlishe.

Kobe huyo alimrithi kwa baba yake, aliyehamia hapa kutoka pwani, na kibali cha kumfuga kilitundikwa juu ya cherehani, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Chakula chake kilikuwa nyasi, mchunga, majani ya maboga, na ganda la yai lililosagwa ili gamba liwe imara. Jua likichungulia kidogo katika mvua zetu hizi, fundi aliacha suruali ya mteja na mguu mmoja, akamtoa mnyama nje aote. Sisi tulimhurumia kobe. Rungwe hii, ambako mgeni akiondoka bila kula ndizi ni aibu ya ukoo mzima, kiumbe anaishi kwa nyasi! Basi fundi alipolazwa Mbeya wiki moja, tukajitwika ukombozi. Tukampa ndizi mbivu, wali, keki iliyobaki kwenye kipaimara. Mama mmoja alikuja na maziwa ya mgando kutoka Nkunga. "Ndaga! Anashukuru huyu, mwone anavyokunywa," alisema. "Fundi alikuwa anamtesa tu huyu." Wahenga walisema wema hauozi, wetu uliozea tumboni mwa kobe. Fundi alirudi akamkuta amelala katika kuhara kwake, shingo haiinuki. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi mpaka alipoanza tena kutafuna nyasi. Hakutushukuru. Alipigilia kibao getini: KOBE HUYU AMESHAKULA.

Nilimuuliza kama haoni haya kuwafukuza watu wema. "Ndugu mwandishi," alinijibu bila kuondoa macho kwenye sindano, "tumbo la huyu limeumbiwa majani. Nyinyi mkitaka kutenda wema hamuulizi tumbo, mnakimbilia mdomo." Nikayaandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikaenda zangu kula chapati.

Mwaka huu miguu ilipomlaza kitandani, tukaenda kumjulia hali. Kwamba ni sukari tulijua wote. Tulikwenda na biskuti, ndizi mbivu, keki. Mimi, msomi wa mtaa, nilibeba chupa kubwa ya soda ya chungwa. Aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Kumkinga kobe aliweza. Kumkatalia mgeni aliyekuja kumpa pole, kwa malezi yake na desturi zetu, hakuweza. Akanywa glasi nzima. "Ahsante, ndugu yangu," akasema, nami nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu. Sisemi soda yangu ndiyo iliyomuua. Chupa zilikuwa nyingi pale mezani, na hivi ndivyo tunavyouana kwetu: kila mmoja analeta kidogo, kwa upendo, na hakuna wa kulaumiwa. Mtoto akilia tunampa biskuti, mgonjwa akinuna tunamfungulia soda, halafu tunachangia jeneza kwa moyo uleule. Inaniuma, na ninastahili iniume.

Siku ya maziko nilimkuta jirani mmoja, machozi yakimtoka, akimsukumia kobe sahani ya pilau.

"Maskini, na yeye kafiwa. Mwache ale, kaka."

Nikaiondoa sahani. "Ameshakula."

Akanipima toka juu hadi chini. "Yaani uchoyo hata msibani?"

Binti wa marehemu amenikabidhi kobe pamoja na kibao chake, na sasa mchoyo wa Bulyaga ni mimi. Jina hilo nimelipokea. Nilipaswa kulistahili mapema, kabla sijaingia chumbani kwa fundi na chupa mkononi.