Moshi Juu ya Bonde la Kinoo

Jamleck Mungai alikuwa mwoga, na sisemi hivyo kumvunjia heshima. Lori la askari likipunguza mwendo tu mbele ya studio pale Ngara, yeye alikuwa ameshaingia chumba cha giza na kufunga mlango. Mimi nilikuwa nikikata fremu kwenye kibaraza cha nyuma, na sikukosa kumtania: "Toka bwana, ni lori ya kabeji." Kwangu kucheka kulikuwa rahisi. Mimi Shem natoka Maragoli, kule magharibi, na askari wakishaona kipande changu cha utambulisho walinirudishia. Yeye alikuwa Mkikuyu mjini Nairobi wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni na kila Mkikuyu akashukiwa. Kilichomweka mjini ni sahihi ya Jetha, Mhindi mwenye studio, katika kitabu cha pasi cha Jamleck. Siku Jetha angemfuta kazi, Jamleck angepakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao Kinoo, katika kijiji kilichozungushiwa mtaro, ambako watu wote wa mashamba ya jirani walikuwa wamekusanywa kwa nguvu.

Jetha alimshikilia kwa sababu ya anga. Wateja wakubwa walipenda picha ndefu za mandhari, na kamera haikuweza kumeza mandhari yote kwa mpigo mmoja. Jetha alipiga vipande, kushoto kwenda kulia, kisha Jamleck akaviunganisha. Ardhi haina taabu, miti na nyasi huficha maungio. Anga ndilo huumbua. Kipande kimoja hutoka cheupe, cha pili kijivu, na kila kimoja kina giza pembeni, hata ukivipanga pamoja unapata mbingu yenye viraka kama suruali yangu ya kazi. Jamleck alisimama kwenye mashine ya kukuzia picha, akitikisa kadibodi chini ya taa, huku akizuia mwanga, kule akiuacha ukae zaidi. Picha zikikauka alisugua kingo kwa msasa mpaka karatasi iwe nyembamba, akagundisha, akamalizia kwa brashi yenye nywele chache. Ilibidi upitishe kidole ndipo ujue palipoungwa.

Basi Mzungu mmoja wa serikali akaagiza picha ndefu ya bonde la Kinoo, awaonyeshe wageni wake jinsi kijiji kipya kilivyopangwa. Jetha alikwenda naye akapiga. Asubuhi yake Jamleck aliniita chumba cha giza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Picha zilikuwa zimelala mezani, bado zinatiririka maji.

"Shem, angalia hii ya katikati. Unaona nini?"

"Naona wingu chafu. Si utasafisha?"

"Hiyo si wingu."

Ulikuwa moshi. Mwembamba, umesimama juu ya miti ya miwati upande wa pili wa bonde, mbali na kijiji. Huko hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Mashamba yalikuwa yamehamwa, na mtu akionekana huko angeweza kupigwa risasi hata kabla hajaulizwa jina.

"Ni nani huko?" nikamuuliza.

"Sijui ni nani. Lakini hapo ni kwetu." Aliweka kidole kando ya ule moshi. "Ndugu yangu Waweru, mpaka leo hatujui alienda wapi."

Nilitamani asingeniambia. Macho yangu yalikimbilia mlangoni. Hamu ya kumtania iliniisha kabisa.

Siku nzima alifanyia kazi kile kipande cha katikati. Alichapa, akatupa, akachapa tena. Alipomaliza, anga lilikuwa la rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu ya miwati hapakuwa na kitu.

Mzungu alikuja, akaichunguza picha kwa kioo cha kukuzia, akaridhika. Nikashusha pumzi. Ndipo akasema atachukua na negativu zenyewe, zile filamu tulizochapia picha, ofisini kwake wataikuza zaidi. Negativu ndiyo yenye ukweli wote. Brashi ya Jamleck haikuwa imeigusa.

"Lete," Jetha akamwambia Jamleck.

"Iko na vumbi, bwana. Naosha kwanza."

Alitokea kibarazani kwangu akiwa ameishika ile ya katikati. Sufuria yangu ya chai ilikuwa ikichemka. Aliitumbukiza humo. Ile ngozi ya juu ya filamu ilijikunja, ikabanduka kama utando wa maziwa. Maji yaliruka yakaniunguza mguu, na sikuthubutu kulia. Kisha yule mwoga, aliyekuwa akikimbia hata lori la kabeji, akarudi ndani kwa miguu yake.

"Maji ilikuwa moto, bwana. Nimekosea."

Kosa hilo halifanywi hata na mtu wa siku ya kwanza kazini. Mzungu alimtazama, akamtazama tena, akamuuliza kwao ni wapi. Kabla Jamleck hajafungua kinywa, Jetha akaanza kufoka.

"Yeye nakunywa, bwana. Kila siku nakunywa. Kazi yake kwisha leo."

Jamleck alikuwa mtu wa kanisa, pombe hajui hata ladha yake. Lakini mlevi hufukuzwa kazi tu, mwenye kuficha kitu hukamatwa. Sijui kama Jetha alikuwa akimwokoa au akijiokoa, na labda mwenyewe hakujua. Mzungu alisonya, akasema picha ipigwe upya. Jamleck aliondoka na lori la kwenda Kinoo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara lilipopita. Aliniona, nami nikatazama chini, maana kulikuwa na askari.

Juma lililofuata Jetha alikwenda bondeni tena. Brashi nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemwona Jamleck akifanya kazi. Nilizitoa zile picha majini nikiwa nimeshaamua kuwa moshi ukiwapo nitaufuta, litakalokuwa na liwe. Jetha alisimama nyuma yangu.

"Ona," akasema kwa furaha. "Leo mbingu safi yenyewe. Hapana kazi hapo."

Kweli, juu ya miwati palikuwa peupe. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikatafuta, nikatafuta tena. Sikujua kama aliyekuwa huko aliuzima moto wake mwenyewe, au alizimiwa. Hapakuwa na mtu ambaye ningeweza kumuuliza.