Mafuta Kidogo Ndani ya Chupa Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sare iliyonipwaya mabegani, nikasimamishwa kando ya pipa. Kilikuwa kiwanja cha ndege huku pwani, chenye safari chache za nje. Mimi nilikuwa nimetoka Wema, kijijini kwetu kando ya Mto Tana, ambako ndege tulizijua kwa mlio tu. Mkuu wa Ukaguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliniagiza nitazame abiria wanavyotupa. Hadi adhuhuri pipa lilikuwa limejaa shampuu, asali, manukato na dawa za meno.

"Umeona nini, Rehema?" akaniuliza.

"Vitu vizuri vinaharibika, madam."

"Vinaharibika kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Sasa wewe utakuwa unawaambia. Na uwaambie kwa adabu, maana mtu anayetupa kitu chake ana uchungu."

Ninyi mnaosafiri leo pengine mmeizoea sheria hiyo, lakini wengi bado hukwama palepale. Katika mzigo wa mkononi, yaani ule unaoingia nao ndani ya ndege, kila kimiminika kiwe katika chombo kisichozidi mililita mia, na vyombo vyote vikae katika mfuko mmoja mdogo unaoonyesha ndani. Kimiminika si maji peke yake. Losheni, jeli ya nywele, samli, siagi ya karanga, hata wanja wa maji, vyote vimo. Na kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichomo. Chupa ya nusu lita yenye tone moja ni chupa ya nusu lita. Hapo ndipo watu wanapogombana nasi.

Baadaye nilihamishiwa Mombasa, upande wa mizigo inayokabidhiwa na kwenda chini ya ndege. Huko vipimo ni vipana zaidi, ila adui ni kuvuja. Msimamizi wa Mizigo alinionyesha masanduku yaliyofika yakinuka losheni, nguo zote zimeloa. Alinifundisha nisijaze chupa hadi mdomoni, kwa kuwa hewa hutanuka ndege ikiwa juu. Chupa laini uiminye kwanza hewa itoke, kisha uweke kipande cha nailoni chini ya kifuniko, ukaze, uizungushie kanga, uilaze katikati ya nguo. Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyofunga.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nairobi. Msimamizi wa Zamu pale alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, asiyecheka kazini. Hakuwahi kumpitishia mtu kitu, awe mheshimiwa au ndugu yake. Tulimwogopa, na tulimtegemea vilevile.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye skrini ya eksirei nikaona chupa kubwa ndani ya kikapu. Nikausimamisha mkanda. Mwenye kikapu alikuwa mama Mworma, wa wafugaji wa kwetu Tana, mtu mzima, kajifunika mtandio mweusi, anasafiri peke yake kwenda Maskati. Mwenzangu aliifungua chupa. Ndani mlikuwa na mafuta ya nywele, kidogo tu chini. Akamweleza kwamba haipiti, akanyoosha mkono kuelekea pipa. Yule mama akaishika chupa kwa mikono miwili na hakuiachia.

Niliomba mwenzangu achukue kiti changu, nikamwendea. Nilimwamkia, nikamwambia mimi pia ni mtu wa Tana, natoka Wema. Alinitazama kitambo. Watu wake ni wafugaji, wangu ni wakulima, na tuna ugomvi wetu wa malisho na mashamba. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, binti yangu amekufa huko," alisema kwa Kiswahili chake cha Garsen, mji wa jirani na kwetu. "Ameacha mtoto, msichana mdogo. Baba yake ameniita nichukue. Mtoto hajui mimi. Hii mafuta mama yake alichanganya mwenyewe, akasahau kwangu alipokuja. Mtoto hajui mimi, lakini hii anajua."

Sanduku lake lilikuwa limeshakwenda chini ya ndege. Mpwa wake aliyemleta alikuwa amemwambia kitu cha thamani ashike mkononi. Nikaenda kwa Msimamizi wa Zamu.

"Haipiti," akasema kabla sijamaliza.

"Najua, bwana mkubwa. Siombi ipite. Naomba ruhusa nitoke naye nje ya ukaguzi tutafute chupa ndogo."

Alitazama saa, akamtazama yule mama. "Usichukue chupa iliyokuwa na losheni," akasema. "Harufu zitachanganyika. Nenda duka la dawa pale ukumbini, uombe chupa mpya ya dawa ya maji. Skrini yako nitakaa mimi."

Muuza dawa alitupatia chupa safi ya mililita mia. Mama alitaka kumimina mwenyewe, akaona mdomo wa chupa ni mwembamba, akanipa. Nilimimina polepole. Chupa ndogo ikajaa, na kule kwenye kubwa kukabaki mafuta kiasi cha kiganja. Tuliporudi, Msimamizi akaliona lile baki. Nikadhani sasa tutasikia neno pipa.

"Hayo ajipake," akasema. "Mafuta yaliyo kichwani hayapimwi."

Basi yule mama akainama pembeni, akaingiza mkono chini ya mtandio, akajipaka nywele zake zenye mvi. Pale kwenye trei na mikanda pakanukia nazi na karafuu. Msimamizi aligeuza uso kwenye skrini. Ndege ya yule mama ilikuwa imeanza kuita abiria wa mwisho. Alikwenda mbio, viatu mkononi.

Nimestaafu sasa, niko Wema na shamba langu la mpunga. Wanaokwenda Umra na vijana wanaokwenda kazi za Uarabuni huniletea masanduku niwafungie. Nikipanga vitu vya mtu huwa siulizi kwa nini anabeba hiki au kile. Namwonyesha tu namna ya kukifikisha. Kazi yangu watu waliiona ni ya kunyang'anya, na siku nyingine ilikuwa hivyo kweli. Siwezi kusema kila kilichoingia pipani kilistahili kuingia.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Garsen nikasikia naitwa, "Wewe wa Wema!" Alikuwa yule mama wa mafuta, na msichana kamshika nguo. Aliniambia kwamba kule Maskati mtoto alijificha nyuma ya mlango, akakataa chakula chake na zawadi zake. Jioni yeye alipovua mtandio ili atawadhe, mtoto akatoka, akaja kunusa kichwa chake, akakaa mapajani. Hawakuachana tena.

"Na ile chupa ndogo?" nikamuuliza.

"Nilimpaka kila Ijumaa," akasema, akimpangusa yule mtoto vumbi usoni. "Mafuta ilikwisha zamani. Mtoto hakuuliza iko wapi."